GCam kwenye simu isiyo ya Google: nilichojifunza Mgwashi

Kama una simu ya Android ya bei ya kawaida, bila shaka kuna rafiki ameshakuambia: "Weka GCam, utaona maajabu." Labda alikurushia faili lenyewe kwa Xender. Ukalifungua, simu ikakuonya kwamba chanzo hakijulikani, ukabonyeza kukubali. Halafu likatokea moja kati ya mambo matatu. Programu iligoma kufunguka. Au ilifunguka, lakini picha zikatoka za kijani kana kwamba umezipiga kupitia chupa ya soda. Au ilikubali vizuri, na tangu siku hiyo hujaigusa tena kamera iliyokuja na simu.

Mimi yote matatu yalinipata, kwenye simu mbili, ndani ya wiki moja. Nilikuwa Mgwashi, upande wa Bumbuli kwenye milima ya Usambara, nikikusanya data ya utafiti: picha za majani ya maharage yenye madoa, ili baadaye kompyuta ipime ni sehemu gani ya jani imeugua. Sikuwa na kamera ya gharama. Nilikuwa na simu, bando la kuhesabu, na imani kubwa mno kwa programu moja.

Kwa hiyo chukua makala hii kama uhakiki wa GCam ile tunayorushiana, si ile iliyo ndani ya simu ya Google. Swali langu ni dogo: tukichukua kitu ambacho kampuni imekitengeneza kwa ajili ya simu yake na kukipandikiza kwenye simu zetu, tunahamisha nini hasa? Na nini kinabaki kule kilikotoka?

Mlango uliofungwa

GCam ni kifupi cha Google Camera. Aprili 2014 Google iliiweka Play Store kwa simu yoyote yenye Android 4.4 kwenda juu. Baadaye mlango ukafungwa, na leo matoleo mapya ni rasmi kwa simu za Pixel peke yake. Sasa Pixel hazina duka rasmi hapa Tanzania. Ukiiona moja Kariakoo, ujue imefika kwa njia zake. Kwa wengi wetu, njia pekee ya kuonja kamera hiyo ni kupitia mafundi wa mtandaoni wanaoifungua programu, kuirekebisha, na kuisambaza bure.

Lakini kwa nini watu wahangaike na programu tu? Si lensi ni ile ile? Ndiyo, lensi ni ile ile. Ila kwenye simu za siku hizi sehemu kubwa ya picha hutengenezwa baada ya wewe kubonyeza, na hapo ndipo sayansi yake ilipo.

Fikiria mzani wa kupimia majani ya chai ambao mshale wake hautulii. Mzigo ni kilo 20, lakini ukipima mara moja unaweza kusoma 19 au 21. Ufanyeje? Pima mara tisa, kisha tafuta wastani. Makosa ya kuzidisha na ya kupunguza yatafutana. Hisabati inasema kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo: ukipima mara 9 kosa linabaki theluthi, ukipima mara 16 linabaki robo.

Sensa ya kamera (siyo ile ya kuhesabu watu) ina tatizo la mzani huo. Kwenye simu ni ndogo kama ukucha wa mtoto, na usiku inapata mwanga kidogo sana. Kila pikseli inakisia, na makisio hayo ndiyo zile chenga unazoziona kwenye picha za gizani. Mbinu ya Google, inayoitwa HDR+, ni kupiga fremu nyingi za haraka badala ya moja, halafu kuzichanganya. Na kuna ujanja mmoja wa kupendeza: fremu hizo zinapigwa kwa makusudi zikiwa na giza kuliko kawaida. Sababu ni kwamba wingu au taa ikishaungua na kuwa nyeupe tupu, hakuna hesabu inayoweza kurudisha kilichokuwepo. Kivuli, kwa upande mwingine, kinaweza kuokolewa, kwa sababu wastani wa fremu nyingi umeshapunguza chenga.

Halafu mkono wako unatikisika, si ndiyo? Basi programu inakata kila fremu vipande vidogo vidogo, inavipanga vilingane kimoja kimoja, ndipo inavichanganya. Pale ambapo mtoto amekimbia au jani limepeperuka, inaviacha vile visivyolingana. Night Sight iliyokuja na Pixel 3 mwaka 2018 inakwenda hadi fremu 15. Mwaka 2019 Pixel 4 ikaongeza hali ya kupiga nyota, inayoweza kukusanya mwanga kwa dakika nne nzima.

Wanachofanya mafundi, na wasichoweza

Ukisikia "GCam ya simu yako," maana yake kuna mtu, mara nyingi anayejulikana kwa jina la mtandaoni tu, amefungua programu ya Google, ameondoa sehemu zinazouliza "wewe ni Pixel?", na ameongeza vitufe vya kubadilisha mipangilio. Kazi hii ilishika kasi mwaka 2017, mwanzoni kwa simu zenye prosesa za Snapdragon zilizofanana na za Pixel. Mimi nawaheshimu sana watu hawa. Hawalipwi na kampuni, na kazi yao imewapa watu wengi picha ambazo pochi zao zisingewapa.

Lakini wana kuta mbili mbele yao. Ya kwanza ni mlango wa Camera2, ambao Android iliufungua mwaka 2014 ili programu yoyote iweze kuongea na kamera kwa undani: kuomba muda fulani wa mwanga, kupata data ghafi, na kadhalika. Mlango huu una ngazi, na mtengenezaji wa simu ndiye anayeamua akufungulie hadi ngazi gani. Simu nyingi za bei ya chini zimeachwa ngazi za chini. Ndiyo maana GCam inagoma. Fundi hana kosa hapo. Zipo programu ndogo za bure zinazokuonyesha simu yako iko ngazi gani, na ni busara kuangalia kabla hujachoma bando.

Ukuta wa pili unaonekana kidogo lakini ni mgumu zaidi. Turudi kwenye mzani. Mwenye duka la kwanza anajua mzani wake unazidisha gramu 50, kwa hiyo kila mara anatoa 50. Akipima, anapima haki. Sasa wewe chukua zoea lake la kutoa 50, lipeleke duka la pili ambako mzani hauna kosa. Umejiibia mwenyewe gramu 50 kila unapopima, na unaamini unafuata utaratibu sahihi.

Ndivyo ilivyo. Kila sensa ina "giza" lake: kiasi inachosoma hata pakiwa hakuna mwanga kabisa. Ina pia namna yake ya kutoa chenga. Google wamepima tabia hizo kwa sensa za Pixel na kuziandika ndani ya programu. Ukiipeleka kwenye sensa nyingine, inatoa gramu 50 zisizohusika. Vivuli vinageuka kijani au zambarau, ngozi inalainika kama plastiki. Yale mafaili ya mipangilio watu wanayorushiana, "hili ni zuri kwa simu fulani," ni majaribio ya kurekebisha mzani kwa kutazama kwa macho. Mengine yamefanywa kwa uangalifu sana. Mengine ni bahati nasibu.

Hapa ndipo hoja yangu ya kwanza inasimama. Msimbo unahamishika, lakini vipimo havihamishiki. Na ubora wa Pixel uko zaidi kwenye vipimo kuliko kwenye msimbo.

Jikoni, saa mbili usiku

Nilikofikia Mgwashi, mama mwenyeji wangu alikuwa anapika kwenye jiko la mafiga matatu, mwanga ukiwa wa moto na taa moja ndogo ya sola mlangoni. Akaniomba nimpige picha amtumie mwanawe aliyeko Dar.

Nilianza na kamera iliyokuja na simu. Mandhari nyuma yake ikapotea gizani, lakini uso ukatoka mweupe na laini, mistari yote ya umri imefutwa. Kile kitufe cha "urembo" kilikuwa kimewashwa tangu kiwandani, wala sikujua. Nikampiga tena kwa GCam iliyohamishwa. Ilichukua kama sekunde nne, nikimwambia, "Tulia kidogo mama, usitikisike." Ikatoka picha yenye masizi ya ukutani, sufuria, mvuke, kanga yake na maandishi yake yakisomeka, na uso wake.

Nikampa simu achague. Akazitazama zote mbili muda mrefu.

"Hii ya kwanza umenichubua, mwanangu," akasema. "Mtume hii nyingine. Huyu ndiye mimi."

Sijawahi kusoma uhakiki wa kamera uliosema mengi kwa maneno machache hivyo. Tatizo hilo ni la zamani. Enzi za filamu, Kodak ilisambazia maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo ilikuwa "sahihi," sisi wengine tukawa kosa la mwanga. Kampuni zimeanza kulishughulikia: Google ilitangaza Real Tone na Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ikatoa kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard. Transsion, wenye Tecno, Infinix na itel, walijijengea jina Afrika mapema kwa kurekebisha kamera zao zione ngozi nyeusi. Kwa hiyo usinielewe vibaya kwamba Google tu ndio wanaotuona. Ninachosema ni kwamba mama yule alistahili kuwa na uchaguzi, na siku ile uchaguzi huo aliupewa na fundi asiyejulikana wa mtandaoni.

Kwa picha za watu usiku, basi, naipa GCam iliyohamishwa alama za juu. Kwa nyota, kidogo. Usiku mmoja usio na ukungu niliegemeza simu kwenye mfuko wa maharage juu ya jiwe. Kilimia kikaonekana vizuri, halafu simu ikachemka na kuzima kabla sijapata picha ya pili.

Shambani, ambako nilijiponza

Baada ya ile picha ya jikoni nililewa. Nikaamua majani yote ya maharage niyapige kwa GCam. Wiki tatu, picha mia nne na ushee, wakulima wakiniacha nikanyage matuta yao asubuhi kabla hawajaanza kazi zao. Picha zilikuwa nzuri kweli, kila doa linaonekana.

Nilipoanza kupima ndipo nikashtuka. Nilikuwa na mazoea ya kuweka kipande cha karatasi nyeupe kando ya jani. Karatasi ni moja. Lakini kwenye picha za asubuhi ya ukungu ilikuwa na namba nyingine, saa sita nyingine, na, hili ndilo lililonikatisha tamaa, hata dakika moja baadaye ilibadilika kama nyuma ya jani palikuwa na udongo mweusi badala ya majani mengine. Jani lile lile, jua lile lile, kijani tofauti.

Ukishaelewa HDR+, jambo hili halina ajabu hata kidogo. Programu imetengenezwa imfurahishe mtazamaji. Inaangalia picha nzima, inanyanyua kivuli hapa, inashusha mwanga pale, inakisia rangi ya mwanga na kuirekebisha. Inafanya hivyo kila picha kivyake. Hiyo ni sifa ukiwa jikoni kwa mama. Ukiwa unapima ugonjwa, ni sawa na mzani unaobadilisha kilo kwa kuangalia sura ya mteja.

Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii aliyetengeneza wala aliyehamisha. Sikufanya jaribio la nusu saa ambalo lingeniokolea wiki tatu. Wakulima niliwarudia nikawaeleza ukweli, na mmoja akaniuliza swali ambalo msimamizi wangu pia aliliuliza baadaye: "Sasa hukujaribu kwanza na jani moja?"

Nilianza upya na Open Camera, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi. Unaweza kufunga rangi ya mwanga na muda wa mwanga visibadilike, nikaendelea na karatasi yangu kando ya jani. Picha zake zimepooza, hakuna utakayeiweka kwenye status. Lakini karatasi inabaki karatasi.

Kama wewe ni mwanafunzi unayetumia simu kupima chochote, iwe rangi ya udongo, kipimo cha maji, au jani, tafadhali lichukue hili. Kwanza jiulize picha hiyo ni ya mtu kutazama au ni ya kupima. Programu moja haiwezi kukufanyia kazi zote mbili vizuri.

"Ya kwao peke yao" kwa muda gani?

Utasikia watu wakisema vitu hivi vimefungiwa simu moja kwa sababu simu nyingine haziviwezi. Mara nyingine ni kweli, kama nilivyoeleza kuhusu vipimo vya sensa. Mara nyingi ni biashara tu. Magic Eraser, kile kifutio cha watu waliopita nyuma ya picha yako, kilikuja na Pixel 6 mwaka 2021 kama hirizi ya simu hiyo. Februari 2023 kikafunguliwa kwa wanaolipia Google One. Mei 2024 kikawa bure kwa watumiaji wa Google Photos, hata wenye Android 8 na RAM ya GB 3. Simu zetu hazikupata akili mpya ndani ya miaka hiyo. Ni kwamba muda wa kukitumia kama tangazo uliisha.

Kwa hiyo sioni uovu mkubwa kwa anayehamisha. Hata hivyo tusijidanganye. Programu ni mali ya mtu, imebadilishwa bila ruhusa yake. Na kuna hatari inayokuhusu wewe moja kwa moja: unaiweka programu uliyopewa na mtu usiyemjua, kisha unaipa ruhusa ya kamera, kipaza sauti na mahali ulipo. Mafundi wengi ni waaminifu, lakini faili lililopita kwenye magrupu kumi ya WhatsApp si lazima liwe lile walilolitengeneza wao. Lichukue kwa aliyelitengeneza au kwenye hifadhi inayoaminika, usikubali ruhusa ya mahali kama huihitaji, na usiliweke kwenye simu yenye mambo yako ya benki kama una namna nyingine.

Hukumu yangu

GCam iliyohamishwa ni kitu kizuri kwa kazi moja, kumpiga picha mtu umpendaye palipo na mwanga mdogo, kama simu yako inaikubali. Kama haiikubali, usipoteze wiki ukitafuta faili la mipangilio la miujiza. Kwa utafiti, iache.

Lakini kuna kitu kimoja kinachonisumbua kuliko vyote. Sisi tunahangaika kuvunja kufuli la programu, wakati elimu yenyewe haikufungiwa. Mwaka 2016 timu ya Google, akiwemo Samuel Hasinoff na Marc Levoy, ilichapisha maelezo ya HDR+ hatua kwa hatua. Februari 2018 wakatoa bure seti 3,640 za fremu ghafi ili yeyote ajaribu mbinu yake. Anayesoma sayansi ya kompyuta Dar es Salaam, Arusha au Dodoma anaweza kuvipata leo.

Ambacho hakuna atakayetupa bure ni vipimo vya sensa zilizo kwenye simu zinazouzwa kwetu, kwenye mwanga wa moto wa kuni, kwa ngozi kama ya mama wa Mgwashi, na kwa majani ya maharage kwenye ukungu. Hiyo kazi inahitaji chumba chenye giza, karatasi nyeupe, subira, na mwanafunzi mmoja asiye mvivu. Ni mada nzuri tu ya tasnifu.

Mimi nimebaki na picha mia nne nzuri zisizo na faida kwa utafiti. Wale wakulima nimewapelekea picha za mashamba yao, na wamezipenda. Yule mwana wa Dar, nasikia, ile ya jikoni ameisafisha na kuitundika sebuleni.